Jinsi ya kuchangia kompyuta yako kwenye utafiti wa sayansi ukiwa Dodoma, bila kumaliza LUKU wala kuunguza mashine

Hii ni kwa yule mwenye desktopu au laptopu nyumbani, iwe Kisasa, Nkuhungu, Ng'ong'ona kwa wanachuo au hata Manyoni na Kondoa huko, ambayo jioni inawashwa watoto waangalie katuni au wewe umalizie ripoti, afu muda mwingi prosesa, yani ubongo wa kompyuta, iko asilimia tano imekaa tu. Kuna programu za bure zinazochukua ile nguvu isiyotumika na kuipeleka kwenye utafiti wa kweli, dawa, mvua, nyota, namba, na wala huhitaji kuwa mtaalamu wa chochote. Shida ni kwamba maelekezo mengi yaliyopo mtandaoni yameandikwa na watu ambao kwao kuna baridi, umeme haukatiki na intaneti haina kikomo, kwahiyo wanakwambia pakua, washa, basi. Sisi huku kuwasha ndo kunakuja mwisho. Unaanza na umeme, joto na bando, ukishaweka mipaka ndo unajiunga.

Kabla ya yote, hii kitu inafanyaje kazi

Chukulia shamba kubwa linalolimwa na kijiji kizima, kila mtu anapimiwa ngwe yake. Watafiti wana hesabu kubwa mno ambayo kompyuta moja ingeisumbukia miaka na miaka, wanaikata ngwe ngwe, seva yao inakugawia ngwe moja, kompyuta yako inailima, ikimaliza inarudisha jibu na kuchukua nyingine. Kwenye miradi mingi ngwe hiyo hiyo anapewa na mtu mwingine pia, majibu yakilingana ndo yanapokelewa, kwahiyo hata mashine yako ikikosea hesabu hauharibii watu utafiti wao.

Mradi uliofanya jambo hili lijulikane dunia nzima ni SETI@home wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, ulianza Mei 1999 ukitafuta dalili za viumbe wengine kwenye mawimbi ya redio kutoka angani, na ukaacha kugawa kazi mwisho wa Machi 2020. Viumbe hawakupatikana. Lakini kilichobaki ni kikubwa, maana humo humo Berkeley mwaka 2002 jamaa anaitwa David Anderson alianza kutengeneza BOINC, programu moja ambayo ndani yake unaweza kujiunga na miradi ya vyuo na taasisi tofauti tofauti, na ndo hiyo tutakayoitumia hapa.

Na usione kama ni mambo ya wazungu na nyota zao tu. Kulikuwa na mradi unaitwa malariacontrol.net, wa ile taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Basel, Uswisi, ambayo uhusiano wake na Ifakara, Morogoro, ni wa tangu miaka ya 1950. Kompyuta za watu majumbani zilikuwa zinapiga hesabu za jinsi malaria inavyosambaa na kitakachotokea ukileta chanjo au vyandarua. Ulishafungwa mwaka 2016, ila unaonyesha kinachowezekana.

Jingine mapema kabisa: hakuna malipo. Utapata pointi zinazoitwa krediti, zinaonekana kwenye akaunti yako, huwezi kuzitoa kwa simu wala kununulia chochote. Akija mtu anakwambia weka elfu hamsini tukuunganishe na programu ya kompyuta kulipwa kila siku, huyo anakuibia, hata akikuonyesha nembo ya BOINC. Kuna sarafu ya kidijitali inaitwa Gridcoin ambayo inawapa watu kitu kidogo kulingana na krediti zao, hiyo ipo kweli, lakini ni habari nyingine na hesabu yake kwa umeme wetu hailipi, usiingie huku kwa ajili hiyo.

Hatua ya 1: piga hesabu ya uniti

Hapa ndo watu wanaparuka, afu mwisho wa mwezi mama watoto anauliza baba Neema mbona uniti zinakimbia, huna jibu.

Laptopu ya kawaida ikiwa imekaa tu inakula kama wati 10, ikibanwa kazi inafika 40. Nyongeza ni wati 30. Ukiiacha ifanye kazi saa 8 kwa siku, ni uniti 0.24 kwa siku, kwa mwezi kama uniti 7. Desktopu ya kawaida nyongeza yake tuseme wati 80, kwa saa hizo hizo 8 inakuja uniti 19 kwa mwezi. Ukiwa na kadi ya picha kubwa ya kuchezea magemu inayovuta wati 200, hapo ni uniti 48 kwa mwezi, na hiyo ni kadi peke yake.

Sasa ukiwa kwenye T1, lile daraja la matumizi ya kawaida, uniti moja inakuja kama shilingi 350 na ushee pamoja na makato, angalia tokeni yako ya mwisho gawanya mwenyewe. Maana yake laptopu ni kama 2,500 kwa mwezi, desktopu karibu 7,000, kadi ya picha elfu 17. Kwa laptopu mimi naona ni sadaka inayobebeka. Kwa kadi ya picha uwe umeamua kweli kweli.

Walio kwenye D1, ile ya uniti 75 kwa mwezi, nyie ndo msome kwa makini. Nyie uniti mnanunua kama 120 hivi, ila ukivuka 75 unaanza kulipia bei kubwa, na ukiendelea kuvuka mwezi baada ya mwezi unaweza kujikuta umehamishiwa T1 moja kwa moja. Nyumba inayotumia uniti 60 kwa mwezi ukiiongezea desktopu ya uniti 19 umeshafika 79. Sio kwamba umelipa uniti 19 za ziada tu, umeivusha nyumba nzima mstari. Kwa D1 ushauri wangu ni laptopu tu, saa chache, au subiri.

Na usiwashe kompyuta kwa ajili ya hii kazi peke yake. Iache ifanye kazi muda ule ambao ingekuwa imewashwa hata hivyo, ukizidisha iwe ni masaa ya usiku tu. Kununua mashine mpya ili uchangie pia sioni mantiki, hela hiyo ina kazi nyingi.

Hatua ya 2: vumbi na joto

Dodoma tunalijua vumbi letu. Kuanzia Mei mvua zikishakatika mpaka Novemba, na ule upepo wa Julai na Agosti, kompyuta iliyokaa mwaka mmoja karibu na dirisha ukiifungua utakuta feni imevaa blanketi. Kwa kazi za kawaida hujui, maana prosesa haichoki. Siku ukiipa kazi ya kuilazimisha prosesa masaa mfululizo ndo utajua.

Kwahiyo kabla ya kuweka programu yoyote, safisha. Desktopu izime, chomoa waya, fungua ubavu, tumia brashi laini na blowa, huku umeishika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Laptopu kama hujawahi kuifungua mpelekee fundi, mwambie wazi "fundi, naomba unipulizie vumbi na unibadilishie pesti ya prosesa", hiyo pesti ndo inapitisha joto kati ya prosesa na kipozeo chake na ikikaa miaka inakauka kama udongo wa kiangazi.

Afu weka programu ya kupima joto. Kwenye Windows kuna Core Temp au HWMonitor, zote bure. Linux kuna lm-sensors. Angalia joto likiwa limetulia, uandike pembeni. Baadaye BOINC ikiwa inafanya kazi, ukiona 70 mpaka 80 ni sawa kwa laptopu, ikikaa 90 kwenda juu punguza kazi. Haitalipuka, prosesa za sikuhizi zinajipunguzia kasi zenyewe zikikaribia 100, lakini feni itapiga kelele usiku kucha na betri iliyo karibu na joto hilo itazeeka haraka.

Kuna setingi moja ya Windows ambayo inasaidia laptopu kuliko kitu kingine chochote. Ingia kwenye Control Panel, Power Options, fungua setingi za ndani za mpango unaotumia, tafuta "Processor power management" halafu "Maximum processor state", toa 100 weka 99. Inaonekana kama mzaha, asilimia moja tu, ila kwenye laptopu nyingi inazima ile tabia ya prosesa kujipandisha kasi ya ziada, na hiyo kasi ya ziada ndo inayoleta joto jingi kwa faida ndogo. Joto linaweza kushuka sana hapo hapo. Kwenye laptopu nyingine mtengenezaji ameificha hiyo sehemu, ukiikosa endelea tu.

Oktoba na Novemba, nyumba ya bati haina dari, saa nane mchana: usifanye. Weka ratiba ya usiku, nitaonyesha hapo chini. Juni na Julai usiku wa Dodoma baridi lenyewe linakupozea mashine bure, huo ndo msimu wa kulima ngwe.

Hatua ya 3: weka BOINC, ila usijiunge na mradi kwanza

Pakua kutoka boinc.berkeley.edu, sio kwingine. Usichukue kwenye flashi ya mtu wala kwenye tovuti za programu za bure zinazokuongezea takataka. Kama unapewa toleo lenye VirtualBox na lisilo nayo, chukua lisilo nayo, ni jepesi kwa bando na miradi mingi nitakayotaja haiihitaji. Wakati wa kuweka ukiulizwa habari za "service install" acha bila tiki, ukiiweka kadi ya picha haitatumika.

Ikimaliza itafunguka yenyewe na kukuuliza ujiunge na mradi gani. Bonyeza "Cancel". Ndiyo, kataa kwanza. Muonekano wa mwanzo ni ule wa kitoto wenye vitu vichache, badilisha uende "Advanced View" kwenye menyu ya View, ndo utaona vitu vyote.

Nenda "Options", halafu "Computing preferences". Dirisha hili ndo lenye kila kitu, tulia hapa.

Sehemu ya kwanza ni ya prosesa. Utaona unaulizwa asilimia ngapi ya prosesa zitumike. Prosesa za sasa ndani zina kori kadhaa, yani vijiprosesa, nne, sita, nane. Weka 50, yani nusu ya kori zifanye kazi nyingine zibaki kwa ajili yako na kwa ajili ya ubaridi. Chini yake kuna asilimia ya muda wa prosesa, hiyo iache 100. Wengi wanafanya kinyume, wanaacha kori zote afu muda wanaweka 50, kinachotokea prosesa inakimbia kidogo inasimama kidogo inakimbia tena, joto linapanda na kushuka, feni inapiga honi. Kori chache zinazoenda taratibu bila kusimama ni bora.

Weka tiki kwenye kusimamisha kazi kompyuta ikiwa kwenye betri. Hii ni lazima kwa laptopu, umeme ukikata isije ikakumalizia chaji ambayo ungeitumia wewe. Kusimamisha wakati unatumia kompyuta ni hiari, kama mashine yako ina ramu GB 8 na kuendelea wala hutaona tofauti ukiacha iendelee, ila yenye GB 4 weka tiki. Ya kadi ya picha weka tiki kwa kila mtu, maana hiyo ikifanya kazi hata video inakwamakwama.

Kwenye sehemu ya diski na ramu, diski weka isizidi GB 10. Kuna kitu cha kuacha kazi ndani ya ramu zikiwa zimesimama, wenye GB 8 na zaidi weka tiki, wenye GB 4 usiweke.

Sehemu ya ratiba ya kila siku ndo rafiki yetu. Weka kazi zifanyike tuseme saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi, ila humo inaandikwa kwa saa za kizungu, 22:00 mpaka 6:00. Ukisahau hilo utakuta mashine inakoroma mchana.

Hifadhi. Hizi setingi zinakaa kwenye kompyuta hiyo tu na zina nguvu kuliko za kwenye tovuti ya mradi, kwahiyo ukiwa na mashine mbili kila moja iwekee za kwake.

Hatua ya 4: bando

Mwenye faiba nyumbani ruka hapa.

Wengine wote, rudi kwenye dirisha lile lile sehemu ya mtandao. Unaweza kuweka kikomo cha MB kwa siku kadhaa, kwa mfano MB 500 kila siku 7, ikifika hapo inaacha yenyewe mpaka wiki igeuke. Kwenye ratiba nako kuna mstari wa pili wa muda wa kutuma na kupokea faili, kama unanunua bando la usiku weka masaa ya bando lako humo humo, basi faili zote zitasubiri. Usiku huo kompyuta ichukue kazi za kuitosha mpaka usiku unaofuata, kwahiyo kwenye sehemu ya akiba ya kazi weka siku 1, usizidishe, ngwe zina tarehe ya mwisho na ukijirundikia zitachachia kwako, apewe mtu mwingine na umeme wako umepotea.

Na kwenye Windows hakikisha bando halifyonzwi na masasisho ya Windows yenyewe afu ukalaumu BOINC. Weka waifai ya simu yako kuwa ni ya kupimiwa ("Metered connection").

Ukubwa wa faili unategemea mradi. PrimeGrid, wale wa kutafuta namba tasa, faili zake ni ndogo sana. Rosetta@home mwanzoni inashusha mzigo mkubwa mara moja, baadaye inatulia. Climateprediction.net ya Oxford, ya hali ya hewa, ngwe zake ni ndefu na majibu yake ni mazito kuyarudisha, kwa bando la simu usijaribu.

Hatua ya 5: chagua mradi

Sasa jiunge. "Tools", halafu "Add project", inakuja orodha. Chagua kwenye hiyo orodha tu, maana mradi wowote unaojiunga nao unaruhusu programu yao iendeshwe kwenye mashine yako, uwe unajua ni chuo gani. Unaweka imeli na paswedi, paswedi iwe mpya, sio ile ya imeli yako.

Ya kuanzia ningempa mtu Einstein@Home. Ipo tangu 2005, inachambua data za LIGO, vile vituo vya Marekani vinavyonasa mawimbi ya mvutano kutoka angani, na data za darubini za redio na za miale ya gama kutafuta nyota za nyutroni zinazozunguka kwa kasi. Kazi zake zipo muda wote karibu, na hiyo sio jambo dogo, hakuna kinachokera kama kuweka kila kitu sawa afu seva inakwambia hamna kazi. Mwaka 2010 walitangaza pulsa, yani nyota ya nyutroni ya namna hiyo, ya kwanza iliyogunduliwa hivi, na kompyuta zilizoiona zilikuwa za mke na mume wa Iowa kule Marekani na ya jamaa mmoja Ujerumani, watu wa kawaida tu, walitajwa kabisa kwenye ugunduzi.

Wanaopenda mambo ya afya kuna Rosetta@home ya Chuo Kikuu cha Washington, ya kutabiri na kubuni maumbo ya protini. Maabara hiyo ni ya David Baker, aliyepata Nobeli ya Kemia mwaka 2024. Kazi zake zinakuja kwa vipindi, usiitegemee peke yake. Kuna pia World Community Grid, iliyoanzishwa na IBM mwaka 2004 na tangu 2021 iko chini ya taasisi ya utafiti ya Krembil, Toronto. Humo ndo kuna utafiti wa viashiria vya saratani, na humo mwaka 2019 ulianza mradi wa mvua za Afrika pamoja na Chuo Kikuu cha Delft cha Uholanzi, wa kuiga mvua za kusini mwa Sahara kwa vipande vya kilomita moja moja. Kwa mtu wa Dodoma, ambako mvua ni msimu mmoja na wingu linaweza kunyesha Chamwino likaiacha Kongwa kavu, ule ni mradi wa kueleweka kabisa. Nao kazi zake sio za kila siku, na faili zake ni nzito.

LHC@home ya CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, ni nzuri ila baadhi ya kazi zake zinataka VirtualBox na ramu ya kutosha, iache mpaka uzoee.

Na kama hutaki kuchagua chagua, badala ya mradi bonyeza kutumia msimamizi wa akaunti afu chukua Science United. Hapo unatiki fani unazopenda tu, tuseme afya, mazingira, anga, yenyewe inakupangia miradi, hata mmoja ukifungwa inakuhamishia mwingine. Kwa mzazi au mtu asiyetaka kuhangaika naona hii ndo njia.

Usijiunge na miradi minane siku ya kwanza. Miwili inatosha, ule wa uhakika na ule unaoupenda moyoni.

Folding@home je?

Hii sio ya ndani ya BOINC, ni programu yake, foldingathome.org. Ilianza Stanford mwaka 2000, inaiga jinsi protini zinavyojikunja, na mwaka 2020 kipindi cha korona watu walijiunga kwa wingi mpaka nguvu yao kwa pamoja ikapita ya kompyuta kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Toleo la sasa unaliongoza kwenye brauza, unachagua ugonjwa unaotaka kuusaidia na idadi ya kori.

Tatizo lake kwetu ni muda. Ngwe zake zina tarehe za mwisho za karibu karibu kwa sababu jibu la moja ndo linaanzisha inayofuata, kwahiyo mashine inayowashwa masaa manne kwa siku na umeme wa kukatika itakuwa inachelewesha wenzake. Mwenye desktopu ya usiku kucha na yuupiesi (UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika) nzuri, karibu sana. Ukitaka kuzima usikate ghafla, bonyeza "Finish", inamaliza ngwe iliyopo na haichukui nyingine.

Kuna pia GIMPS, tangu 1996, wanaotafuta namba tasa za aina maalum inayoitwa Mersenne kwa programu ya Prime95. Oktoba 2024 walitangaza namba yenye tarakimu 41,024,320. Inavutia, ila Prime95 ndo programu ambayo mafundi wanaitumia kuitesa prosesa kuona kama itavumilia joto, sasa wewe unaiweka kwenye laptopu ya Dodoma mwezi wa kumi ya nini.

Umeme ukikatika

BOINC inaweka alama kila baada ya muda, kawaida inaziomba programu zihifadhi kila baada ya sekunde 60 hivi, kwahiyo umeme ukikata unapoteza dakika kidogo tu, sio ngwe nzima. Baadhi ya kazi haziwezi kuhifadhi popote zinapotaka, hizo zinaweza kurudi nyuma zaidi, ni kawaida.

Hatari sio kukatika, ni kurudi. Umeme ukirudi kwa kishindo ndo unaondoka na pawasaplai, kwahiyo desktopu bila yuupiesi au angalau stabilaiza usiiache usiku peke yake, iwe na BOINC au isiwe nayo.

Ukisafiri, labda unaenda Singida wiki mbili, siku chache kabla nenda kwenye mradi bonyeza "No new tasks". Inamaliza zilizopo inatulia.

Wa Linux

Wanachuo wenye Ubuntu wala msipakue kitu kwenye tovuti, andika sudo apt install boinc-client boinc-manager, imeisha. Ukitaka kuisimamisha saa moja bila kufungua dirisha, boinccmd --set_run_mode never 3600. Kuziona kazi, boinccmd --get_tasks.

Simu

BOINC ya Android ipo tangu 2013. Kwa kawaida haifanyi kazi mpaka simu iwe kwenye chaji, iwe na waifai na betri imefika asilimia 90. Simu ya zamani isiyo na kazi, toa kava, weka sakafuni kwenye sakafu ya saruji usiku, kori mbili tu. Simu unayoitegemea kwa miamala yako usiiguse, betri ikivimba hakuna krediti itakayokurudishia.

Ya ofisini usiguse

Mji huu una wafanyakazi wengi wa serikali kwahiyo nalisema waziwazi. Kompyuta ya ofisi ya serikali kule Mtumba sio yako. Hata kama nia ni njema, hata kama ni usiku na hakuna mtu. Mwaka 2001 fundi wa kompyuta wa chuo kimoja Georgia, Marekani, alifunguliwa mashtaka ya jinai kwa kuweka programu ya namna hii kwenye kompyuta za chuo bila ruhusa, kesi ikaisha mwaka uliofuata kwa kulipa fidia na kuwekwa chini ya uangalizi. Kama unataka maabara ya shule ishiriki, mwandikie mkuu wa shule, eleza na gharama ya umeme humo humo kwenye barua, akikubali ndo uweke.

Wiki ya kwanza

Usiku wa kwanza kaa nayo. Fungua kile kipimo cha joto, subiri nusu saa, linganisha na namba uliyoandika mwanzo. Likizidi 90 shusha kori toka 50 uende 25, sio lazima uwe shujaa. Kazi ya kwanza inaweza kuonyesha muda uliobaki wa ajabu ajabu, masaa mawili yanageuka tisa, ni kwamba bado inajipima, baada ya ngwe kadhaa itakuwa inasema kweli. Krediti nazo zinachelewa kwa sababu ya ile ya kusubiri mwenzako arudishe jibu lake.

LUKU soma mita usiku kabla ya kulala na asubuhi, siku moja BOINC ikiwa imewashwa na siku moja imezimwa. Hiyo tofauti ndo gharama yako halisi, itupe hesabu yangu ya juu.

Ukiona haikufai, usifute programu tu ukaondoka. Bonyeza "No new tasks", subiri ziishe na zirudi, kisha "Remove" kwenye mradi, ndo uondoe programu kwenye Windows. Mwisho futa folda ya C:\ProgramData\BOINC, imefichwa mpaka uruhusu kuona vitu vilivyofichwa, na usipoifuta inaweza kukukalia na GB kadhaa za diski bure.